Kupanga au kupunguza? Njia tano za kurahisisha maisha yenye shughuli nyingi, zikilinganishwa

Mtu akisema "sina muda", huenda ana moja kati ya matatizo matatu. Huenda hajui aanze na lipi. Huenda anajua vizuri lipi ni la kwanza, ila kila akilishika anavutwa kwingine. Au huenda amebeba mengi kuliko wiki inavyoweza kuchukua. Uchovu wa wote watatu unafanana, lakini dawa zao hazifanani hata kidogo. Ndiyo maana mtu anaweza kununua shajara nzuri, akapakua programu ya kupanga kazi, akapaka kalenda rangi tatu, na baada ya mwezi akawa amechoka vilevile, tena akiwa na kazi moja zaidi: kuitunza hiyo kalenda.

Nimechukua njia tano ambazo hutajwa sana na watu wanaotaka kubaki na yale ya msingi: jedwali la haraka na umuhimu, orodha fupi ya usiku, kutenga saa kwenye kalenda, kuweka kikomo cha mambo yanayoendelea kwa wakati mmoja, na kupunguza majukumu yenyewe. Niseme mapema ninakoegemea. Tatu za kwanza zinaupanga mzigo. Ya nne inauweka kwenye foleni. Ya tano peke yake ndiyo inayoutua, na hiyo ndiyo watu huijaribu mwisho kabisa, wakishashindwa na zote nyingine.

## Kabla ya kuchagua, piga hesabu ya saa

Wiki ina saa 168. Chukua karatasi uandike wiki iliyopita ilivyokwenda kweli, maana wiki unayoitamani haina msaada hapa. Muda wa simu usiukisie. Simu nyingi siku hizi zinajihesabia, fungua mipangilio uangalie.

Tuseme aliyekaa na karatasi ni mama mwenye ajira, watoto wawili, kozi ya jioni, ukatibu wa kikundi na biashara ndogo ya mtandaoni. Anaanza na usingizi: saa 8 kwa siku saba ni 56, zinabaki 112. Kazi pamoja na safari ya kwenda na kurudi, 55; zinabaki 57. Kupika, kula, kuoga, kufua na usafi, saa 3 na nusu kwa siku, jumla 24 na nusu. Zinabaki 32 na nusu. Watoto, saa 2 kwa siku za kuwa nao kweli, zile za kukaa chumba kimoja huku macho yakiwa kwenye simu hazihesabiki: 14, zinabaki 18 na nusu. Kozi pamoja na kusoma nyumbani, 10. Zinabaki 8 na nusu. Ukatibu, yaani kikao, kuandika muhtasari na kuwakumbusha wasiojibu ujumbe, 4. Zinabaki 4 na nusu. Biashara, 12.

Kalamu inasimama hapo. Amefika hasi saa 7 na nusu, na bado hajaandika kuugua, wala mgeni wa ghafla, wala kukaa tu bila kufanya kitu.

Katika maisha ya kila siku hasi hii haionekani popote, kwa sababu wiki haigomi. Zile saa 7 na nusu zinapatikana, lazima zipatikane: zinakatwa kwenye usingizi, zaidi kidogo ya saa moja kila usiku, au zinakatwa kwa watoto, ambao hawaandiki barua ya malalamiko. Mtu anayeishi hivyo akiuliza "nipange vipi siku yangu", swali lenyewe limekosewa. Hakuna mpangilio wa namba unaogeuza hasi kuwa chanya.

Kama kwako hesabu imebaki na saa za kutosha, hata 10 au 15, na bado unahisi umezama, basi tatizo lako ni la kwanza au la pili, na njia tatu za mwanzo zinaweza kukufaa sana. Hii ndiyo sababu ya kuanza na karatasi.

| Njia | Inamfaa nani | Inadai nini | Inakwama wapi |
|---|---|---|---|
| Jedwali la haraka na umuhimu | Anayekimbizana na dharura kutwa nzima | Nusu saa kwa wiki na ukweli | Kila kitu kikiitwa muhimu |
| Orodha fupi ya usiku | Asiyejua aanze na lipi asubuhi | Dakika 5 kila usiku | Orodha ikianza kurefuka |
| Kutenga saa | Anayevutwa huku na huko | Mamlaka juu ya ratiba yako | Kazi za zamu, mtoto mchanga, bosi asiyetabirika |
| Kikomo cha yanayoendelea | Mwenye miradi mingi nusu nusu | Subira | Majukumu ya kila siku yasiyo na mwisho |
| Kupunguza | Ambaye hesabu yake ni hasi | Kuwaudhi watu wachache | Pale ambapo hakuna kinachoweza kuachwa |

## Jedwali dhidi ya orodha

Jedwali linajulikana kwa jina la Dwight Eisenhower, aliyekuwa rais wa Marekani. Katika hotuba yake ya mwaka 1954 alisema kuna matatizo ya aina mbili, ya haraka na ya muhimu, na kwamba ya haraka si muhimu na ya muhimu huwa si ya haraka. Hata yeye hakudai kuwa ameyabuni; alisema anamnukuu mkuu wa zamani wa chuo. Visanduku vinne vilichorwa na wengine baadaye: muhimu na ya haraka, unafanya sasa, muhimu yasiyo ya haraka, unayapangia siku, ya haraka yasiyo muhimu, unamkabidhi mwingine, yasiyo na hili wala lile, unatupa.

Nguvu yake ipo mahali pamoja tu, nayo ni kubwa. Mwaka 2018 watafiti Meng Zhu, Yang Yang na Christopher Hsee walionyesha kwamba watu huchagua kazi yenye muda mfupi wa mwisho hata pale ambapo kazi nyingine inalipa zaidi na haina ugumu wa ziada. Waliojiona kuwa na shughuli nyingi ndio waliokuwa hatarini zaidi. Waliposhawishiwa kuangalia malipo ya kila kazi wakati wa kuchagua, mvuto huo ulipungua. Jedwali linafanya kazi hiyohiyo: linakusimamisha kidogo ili uulize "hii inaleta nini?" kabla ya kuuliza "hii inatakiwa lini?"

Udhaifu wake unaonekana ukilijaza. Kisanduku cha kwanza kinafurika, cha nne kinabaki cheupe. Nani yuko tayari kuandika kwa mkono wake kwamba jambo alilolitumikia miaka miwili halina umuhimu? Na kisanduku cha tatu, kile cha kumkabidhi mwingine, kinamfaa rais. Rais ana wasaidizi. Mzazi anayelea peke yake akifika kwenye kisanduku hicho anabaki kucheka.

Orodha fupi ya usiku haina falsafa. Inasimuliwa kwamba karibu mwaka 1918 mshauri Ivy Lee aliwaambia mameneja wa kampuni ya chuma ya Bethlehem Steel waandike kila jioni mambo sita ya kesho kwa mpangilio wa uzito, waanze na la kwanza, na wasiguse la pili kabla la kwanza halijaisha. Yanayobaki yanahamia kesho yake. Inasimuliwa pia kwamba bosi wao, Charles Schwab, alimlipa dola 25,000 kwa ushauri huo. Sita ni mengi kwa mtu wa leo ambaye simu inamlia kila baada ya dakika chache, matatu yanatosha.

Kuna faida moja ya kuandika usiku ambayo jedwali haliwezi kuitoa. Mwaka 2018 Michael Scullin na wenzake wa Chuo Kikuu cha Baylor walifanya jaribio na vijana 57: nusu waliandika kwa dakika 5 kabla ya kulala mambo ya kufanya siku zinazofuata, nusu waliandika waliyokwisha kuyafanya. Wa kwanza walipata usingizi mapema kwa takriban dakika 9. Inaelekea kwamba jambo likishawekwa kwenye karatasi, kichwa kinaacha kulishikilia. Na kadiri walivyoandika kwa undani ndivyo walivyolala haraka, kwa hiyo "ripoti" haitoshi. Andika "kumalizia sehemu ya pili ya ripoti, kisha kumtumia msimamizi".

Ukilazimika kuchagua moja kati ya hizi mbili, chukua orodha kwa siku za kazi na uache jedwali kwa mara moja kwa wiki au hata kwa mwezi. Jedwali la kila siku linageuka kuwa namna ya heshima ya kukwepa kazi.

## Kutenga saa, na kwa nini kalenda husema uongo

Hapa kila jambo linapewa saa yake: tatu hadi tano asubuhi kuandika, tano hadi tano na nusu kujibu barua pepe, na kuendelea. Kwa mtu mwenye tatizo la pili, yule anayejua la kwanza ila analikosa kila siku, hii ndiyo njia bora kuliko zote mbili zilizotangulia. Inalipatia jambo muhimu mahali pa kukaa. Jambo lililo kwenye orodha linasubiri upenyo. Jambo lililo kwenye kalenda tayari lina kiti.

Pia inapunguza kuruka kutoka jambo hadi jambo. Mwaka 2009 mtafiti Sophie Leroy alieleza jinsi sehemu ya akili inavyobaki kwenye kazi uliyoiacha katikati hata baada ya kuhamia nyingine, na jinsi hiyo kazi mpya inavyoumia. Anayejibu ujumbe mmoja kila baada ya dakika kumi anadhani amepoteza dakika moja moja. Gharama halisi ni kwamba hayupo kikamilifu popote.

Tatizo la kalenda ni sisi tunaoijaza. Wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky waliandika mwaka 1979 kuhusu tabia ya kukadiria muda mfupi kuliko kazi inavyohitaji, hata kwa mtu aliyeifanya kazi hiyohiyo mara nyingi. Katika utafiti mmoja uliotoka mwaka 1994, wanafunzi waliokuwa wakimalizia tasnifu walikadiria kwa wastani siku 34 hivi. Ziliwachukua kama 55. Sasa fikiria siku yenye vipande vinane vilivyobanwa bila nafasi. Cha kwanza kikichelewa, saba vinavyofuata vyote vinakuwa deni, na kufikia saa kumi alasiri mtu ameshaitupa kalenda yote.

Kuna na upande wa pili, ule aliouandika mwanahistoria wa Uingereza C. Northcote Parkinson mwaka 1955: kazi hutanuka mpaka ijaze muda iliyopewa. Kutenga saa 3 kwa jambo la dakika 40 ni kulipatia ruhusa ya kuzila zote. Kwa hiyo makadirio yakosee kwa upande gani? Kwangu, yakosee kwa upande wa kuacha nafasi tupu kati ya vipande, vipande vyenyewe vibaki vifupi.

Ushauri wangu kwa anayeijaribu: tenga kipande kimoja tu kwa siku, cha lile jambo moja, cha saa moja na nusu hivi, na siku iliyobaki iache iende inavyokwenda. Wanaopanga siku nzima kwa dakika huwa ni wale wenye milango inayofungika na watu wa kupokea simu zao. Muuguzi wa zamu, mwenye duka, mama wa mtoto mchanga, hawa kalenda ya vipande itawaletea lawama tu, na lawama si kitu wanachokikosa.

## Kikomo

Njia hii hutumika zaidi viwandani na kwenye timu za programu za kompyuta, lakini inafaa maisha ya mtu binafsi kuliko inavyosifiwa. Unaamua kwamba miradi inayoendelea kwa wakati mmoja haitazidi, tuseme, miwili. Yote mingine inasubiri kwenye karatasi tofauti. Hakuna kinachoingia mpaka kimoja kitoke.

Sababu yake ni ya kihesabu. Mwaka 1961 mtafiti John Little alithibitisha kanuni inayohusu foleni za kila aina: muda ambao kitu kinakaa kwenye mfumo, kwa wastani, ni sawa na idadi ya vitu vilivyomo ukiigawanya kwa kasi ya kuvimaliza. Mtu anayeweza kumaliza miradi miwili kwa mwezi akiwa na kumi iliyofunguliwa, kila mmoja utakaa mikononi mwake miezi mitano kwa wastani. Akiwa na miwili, mwezi mmoja. Kasi yake haijaongezeka hata chembe. Kilichobadilika ni kwamba ukuta hauishi nusu mwaka ukiwa umepakwa rangi nusu, wala fomu ya maombi haikai mezani mpaka tarehe ipite.

Uzuri wa kikomo ukilinganisha na kupunguza ni kwamba hakikulazimishi kusema "hapana". Unasema "bado". Kwa watu wasioweza kukataa, hiyo ni ahueni kubwa. Ubaya wake ni huohuo: karatasi ya kusubiri inaweza kufika mambo arobaini, na kila ukiipitia inakushtaki. Na haina la kusema kuhusu majukumu yasiyoisha. Kulea hakuna mwisho. Huwezi kusubiri "kumaliza" watoto ndipo uanze kozi.

Hapa ndipo pa kutaja pia ile kanuni ya 80 kwa 20, inayoitwa kwa jina la Vilfredo Pareto, mchumi wa Italia aliyechunguza jinsi mali na mapato yalivyogawanyika bila usawa. Wazo ni kwamba sehemu ndogo ya juhudi huleta sehemu kubwa ya matokeo, basi tafuta hiyo ndogo uishike. Kwa wateja, bidhaa na matumizi, vitu vinavyohesabika, ni kanuni nzuri na inafaa kuichungulia. Kwa ndoa, wazazi na watoto sioni kazi yake. Hakuna mzazi mgonjwa anayetembelewa kwa asilimia 20.

## Kupunguza

Mwaka 2021 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa Gabrielle Adams na wenzake wa Chuo Kikuu cha Virginia. Watu walipewa vitu vya kuboresha: jengo la matofali ya kuchezea, maandishi, ratiba ya safari ya siku moja iliyosheheni vituo. Mara kwa mara waliongeza. Hata kwenye ile ratiba iliyojaa kupita kiasi, waliofikiria kuondoa kitu walikuwa wachache. Walipokumbushwa kwamba kuondoa kunaruhusiwa, wengi zaidi waliondoa. Na akili ikiwa imelemewa na kazi nyingine, wazo la kuondoa lilizidi kupotea.

Hilo la mwisho linanitisha kidogo, kwa sababu linaeleza mengi. Anayehitaji zaidi kupunguza ndiye ambaye wazo la kupunguza halimjii. Linamjia la kuongeza: programu mpya, kuamka saa kumi alfajiri, kozi ya namna ya kupanga muda.

Njia mbili zilimshinda fisi. Fisi yule hakukosa mbio wala hakukosa ratiba. Alisikia harufu ya nyama pande zote mbili na hakutaka kuiacha hata moja.

Tukirudi kwa mama mwenye karatasi. Kitu cha kwanza ambacho wengi wangemshauri aache ni ukatibu, maana ndio mwepesi kuachika. Ni saa 4. Akiuacha, hasi inashuka kutoka 7 na nusu hadi 3 na nusu. Bado ni hasi. Atakuwa amelipa gharama yote ya kukataa, yaani sura za wenzake, maswali, hisia kwamba amewatupa, na wiki yake bado haijafungika. Hili ndilo kosa linalofanya watu waseme "nilijaribu kupunguza, haikusaidia": walipunguza kilichokuwa rahisi, kikubwa wakakiacha palepale. Kujitoa kwenye makundi matatu ya WhatsApp kunaburudisha, lakini pima kwanza yanakula saa ngapi.

Kwa hesabu yake, vinavyoweza kuifunga wiki ni viwili tu. Akiacha kozi anabaki na saa 2 na nusu mkononi. Akiacha biashara anabaki na 4 na nusu. Kipi? Hapo hesabu inanyamaza na maswali mengine yanaanza. Biashara inaleta fedha, je, zinahitajika mwezi huu au ni za ziada? Kozi ina tarehe ya mwisho, biashara haina. Ikiwa kozi inaisha baada ya miezi minane, ningemwambia asimamishe biashara kwa miezi hiyo minane, awaandikie wateja, kisha airudie kozi ikikamilika. Hapo kupunguza na kikomo vimeshikana mikono. Lakini kama fedha za biashara ndizo zinazolipa kodi ya nyumba, jibu linageuka, na anayejua hilo ni yeye peke yake.

Orodha za "maadili yangu makuu" hazinisaidii sana kujua lililo muhimu. Kila mtu huandika familia, afya, imani na kazi, kisha anarudi alikokuwa. Swali linalokata zaidi ni hili: ukiondoka kwenye nafasi hii, nani mwingine anaweza kuikalia? Ukatibu unaweza kushikwa na yeyote mwenye kalamu na subira. Hata kazini, pamoja na yote tunayoambiwa, pengo huzibwa. Zipo nafasi chache ambazo hazina kaimu, na mara nyingi ndizo zinazokatwa kwanza kwa sababu hazina kikao wala tarehe ya mwisho.

Swali la pili ni la milangoni, kabla jambo halijaingia. Watafiti Gal Zauberman na John Lynch walionyesha mwaka 2005 kwamba watu huamini watakuwa na muda mwingi zaidi siku za mbele kuliko walio nao leo, na imani hiyo ni kali kwa muda kuliko kwa fedha. Ndiyo maana mwaliko wa miezi mitatu ijayo hupata "ndiyo" kirahisi. Jiulize kama ungekubali endapo ingekuwa kesho asubuhi. Kama jibu ni "kesho haiwezekani kabisa", basi hata baada ya miezi mitatu haitawezekana, kwa sababu siku hiyo ikifika itaitwa kesho.

## Pale pasipo na cha kuacha

Kuna watu ambao ukiwaambia wapunguze unawatukana. Anayemuuguza mzazi huku anafanya kazi mbili hana kozi wala ukatibu wa kuacha. Kwake yeye jedwali halina maana, kalenda haina maana, na maneno mengi kuhusu maisha mepesi yameandikwa na watu wasiomfikiria.

Kinachobaki kwake ni viwango. Mwaka 1956 Herbert Simon, mtaalamu wa namna watu wanavyofanya maamuzi, alieleza kwamba wanadamu, kwa ufinyu wa taarifa na uwezo wao, hawatafuti kilicho bora kabisa. Wanachukua cha kwanza kinachotosha. Yeye alikuwa akieleza tunavyoamua, lakini inaweza kuchukuliwa kama ruhusa. Nguo zisizopigwa pasi zinavalika. Chakula kilekile siku tatu mfululizo hakimdhuru mtu. Ripoti ya kurasa mbili iliyo sahihi inatosha pale ambapo hakuna aliyeomba kumi. Amua mapema ni wapi utafanya vizuri na wapi utafanya ilimradi, kwa sababu usipoamua, uchovu utaamua, nao hauchagui vizuri. Na akitokea mtu wa kusema "nikusaidie nini?", uwe na jibu tayari lenye siku na saa: "Jumamosi kaa naye kuanzia saa nne hadi saa saba." Msaada usio na saa huwa haufiki.

## Namna ya kutoka

Kwa ambaye hesabu yake imekuwa hasi na amekwisha kuchagua cha kuacha, kilichobaki ni ujumbe, na hapa ndipo wengi wanapokaa wiki sita. Uwe mfupi. Usieleze sana, maana kila sababu utakayoitoa ni mlango wa kujadiliana: ukisema "nina kozi", utaambiwa kikao kihamishiwe siku isiyo ya kozi. Kitu kama hiki kinatosha:

"Ndugu mwenyekiti na wajumbe, habari zenu. Naomba kuwajulisha kwamba nitashika ukatibu hadi kikao cha mwisho wa mwezi ujao, kisha nitakabidhi. Mihtasari yote na orodha ya wanachama nitaviweka tayari kwa atakayepokea, na nitakaa naye mara moja kumwelekeza. Nawashukuru kwa imani mliyonipa."

Umetaja tarehe, umetaja makabidhiano, na hukuuliza kama inawezekana. Watakuja wa kukubembeleza, tena kwa upendo wa kweli. Jibu lilelile linatosha, kwa maneno yaleyale. Ukibadilisha maneno watadhani msimamo nao umeanza kubadilika.

Kisha, saa zikishapatikana, ziache tupu kwa wiki nne hivi bila kumwambia mtu kwamba unazo. Habari za mtu mwenye nafasi husambaa upesi.